Kitanzi ndani ya kitanzi: kusoma jedwali la ghala kwa Python

Katika maghala ya nafaka ya Busia, upande wa Uganda, hesabu ya wiki mara nyingi huanzia kwenye daftari kubwa lenye mistari iliyochorwa kwa rula: mazao yameandikwa kushoto, siku zimeandikwa juu, na kila kisanduku kina idadi ya magunia yaliyopokelewa. Aliyezoea daftari la namna hiyo tayari anajua nusu ya somo hili, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Akitaka kujua mahindi ya wiki nzima hupitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Akitaka kujua mzigo wa Alhamisi hukishusha kutoka juu kwenda chini. Kitanzi, yaani amri inayorudia mistari fulani ya programu, kikiwekwa ndani ya kitanzi kingine hufanya kazi ya kidole hicho, na makosa mengi ninayoyaona kwa vijana ninaowafundisha hayatokani na hesabu, bali na mahali walipouweka mstari mmoja mfupi.

Nitatumia Python, lugha iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Sababu yangu ni kwamba katika Python mahali pa mstari huonekana kwa macho: nafasi tupu zilizo mwanzoni mwa mstari ndizo zinazoamua kama mstari huo ni wa kitanzi cha nje, ni wa kitanzi cha ndani, au hauko ndani ya kitanzi chochote. Lugha nyingine hufunga vitanzi kwa mabano, na mwanafunzi anaweza kupanga mistari ovyo bila kuadhibiwa.

Neno moja la istilahi kabla ya kuanza. Mfuatano wa thamani zilizowekwa chini ya jina moja huitwa na wengi safu. Mimi nitauita orodha, kwa sababu hivyo ndivyo Python yenyewe inavyouita kwa lugha yake, na kwa sababu neno safu nitalihitaji kwa jedwali: safu mlalo ni ile inayolala kutoka kushoto kwenda kulia, na safu wima ni ile inayosimama. Python ina pia moduli maalumu za safu za namba kwa ajili ya hesabu nzito, lakini kwa kazi ya ghala orodha ya kawaida inatosha kabisa.

Kuliweka daftari ndani ya kompyuta

```
mazao = ["mahindi", "maharagwe", "simsim", "mtama"]
siku = ["Jumatatu", "Jumanne", "Jumatano",
        "Alhamisi", "Ijumaa", "Jumamosi"]

magunia = [
    [42, 38, 0, 51, 47, 60],
    [15, 12, 0, 20, 18, 22],
    [ 6,  4, 0,  9,  5, 11],
    [10, 14, 0,  8, 13, 17],
]
```

Orodha mbili za kwanza ni majina tu. Ya tatu, *magunia*, ni orodha ya orodha: ina vitu vinne, na kila kimojawapo ni orodha ya namba sita. Jumatano ghala lilifungwa, lakini sifuri zimeandikwa. Kisanduku kilichorukwa kingesogeza Alhamisi mahali pa Jumatano, na kompyuta isingejua lolote.

Python huanza kuhesabu nafasi kwa 0. Kwa hiyo mahindi ni nafasi ya 0, mtama ni nafasi ya 3, na Jumamosi ni nafasi ya 5 ingawa ni siku ya sita katika orodha yetu. Jambo hili huwasumbua wanaoanza, lakini sisi tunaosema Kiswahili tumelizoea kuliko tunavyodhani. Saa yetu ya kwanza asubuhi huandikwa 7:00 kwenye simu, nasi hutoa sita bila kufikiri. Na Jumatatu, ambayo jina lake lina tatu ndani yake, ofisini huhesabiwa kuwa siku ya kwanza ya kazi. Jina na nafasi ni vitu viwili tofauti, na akili ya Mswahili hubadilisha kimoja kuwa kingine kila siku.

Ili kusoma kisanduku kimoja tunaandika jozi mbili za mabano ya mraba. *magunia[1][3]* humaanisha: nitolee safu mlalo ya 1, kisha ndani yake nitolee nafasi ya 3. Jibu ni 20, yaani maharagwe ya Alhamisi. Ukiandika *magunia[1]* peke yake utapewa safu mlalo nzima ya maharagwe. Ukigeuza kwa bahati mbaya na kuandika *magunia[3][1]*, utapewa 14, yaani mtama wa Jumanne, na hutasikia lalamiko lolote, kwa kuwa kisanduku hicho kipo. Kompyuta hulalamika pale tu unapoomba kisanduku kisichokuwepo, kwa mfano *magunia[5][1]*, kwa sababu safu mlalo zetu huishia nafasi ya 3. Kwa hiyo usidhani kwamba programu isiyolalamika imetoa jibu sahihi.

Kidole kinachokwenda kulia

```
for i in range(len(mazao)):
    jumla = 0
    for j in range(len(siku)):
        jumla = jumla + magunia[i][j]
    print(mazao[i], jumla)
```

Soma programu hii kama unavyomtazama mtu anayepalilia shamba. Hashiki jembe akapiga mara moja kila tuta na kuhama. Humaliza tuta la kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo ahamie la pili. Kitanzi cha nje, chenye *i*, ndicho kinachochagua tuta. Kitanzi cha ndani, chenye *j*, ndicho kinachotembea ndani ya tuta hilo. *len* huhesabu vitu vilivyomo katika orodha, na *range* hutoa namba za nafasi zake kuanzia 0. Wakati *i* ni 0, *j* hupita 0, 1, 2, 3, 4 na 5. Kisha *i* huwa 1, na *j* huanza tena kutoka 0. Mstari wa kujumlisha hutekelezwa mara 24, lakini mstari wa kuchapisha hutekelezwa mara nne tu, kwa sababu haumo ndani ya kitanzi cha ndani. Majibu ni haya:

```
mahindi 238
maharagwe 87
simsim 35
mtama 62
```

Sasa tuutazame kwa karibu mstari unaosema *jumla = 0*, maana huo ndio moyo wa somo zima. Una sehemu tatu unazoweza kukaa, na zote tatu hazisababishi kosa lolote la kisarufi. Ukiuweka juu kabisa, kabla ya kitanzi cha nje, jumla haifutwi kamwe, na utapata 238, 325, 360 na 422: kila zao limebebeshwa mzigo wa mazao yaliyolitangulia. Ukiuingiza ndani ya kitanzi cha ndani, jumla hufutwa kwa kila siku, na utapata 60, 22, 11 na 17, ambazo si jumla ya kitu chochote. Ni magunia ya Jumamosi tu, yaliyobaki kwa sababu Jumamosi ndiyo ilikuwa ya mwisho kusomwa. Ni pale tu unapouweka ndani ya kitanzi cha nje na kabla ya kitanzi cha ndani ndipo kila zao linaanza na daftari safi.

Kosa la kwanza kati ya hayo nililifanya mwenyewe, katika ripoti niliyowaandalia wakulima wa chama kimoja. Mahindi, yakiwa ya kwanza, yalitoka sawasawa, na kwa kuwa nilikagua mstari wa kwanza peke yake nilichapisha karatasi na kuigawa. Mama mmoja aliyekuwa akipokea magunia mlangoni aliisoma, akaniita pembeni na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, mtama wetu wa wiki nzima haujazi hata lori moja. Umeupitishaje mahindi?" Nilirudi kwenye programu, nikaona *jumla = 0* imekaa juu kabisa. Tangu siku ile sikagui mstari wa kwanza wa majibu peke yake. Hukagua wa mwisho pia, kwa kuwa kosa la kutofuta jumla huonekana vizuri zaidi mwishoni, lilikokwisha kunenepa.

Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kujiuliza swali moja kabla ya kuandika chochote: jibu hili ni la nani? Ikiwa kila zao lina jibu lake, basi jibu huzaliwa na kuchapishwa ndani ya kitanzi cha mazao. Ikiwa jibu ni moja kwa ghala zima, basi huzaliwa kabla ya vitanzi vyote na kuchapishwa baada ya vyote.

Kidole kinachoshuka

Tunapotaka mzigo wa kila siku, mwenye jibu amebadilika: sasa ni siku. Kwa hiyo siku ndizo zinazokwenda nje, na mazao yanaingia ndani.

```
for j in range(len(siku)):
    jumla = 0
    for i in range(len(mazao)):
        jumla = jumla + magunia[i][j]
    print(siku[j], jumla)
```

Angalia kwa makini kilichobadilika na kisichobadilika. Vitanzi vimebadilishana nafasi, lakini *magunia[i][j]* imebaki vilevile. Wengi hudhani kwamba wakishageuza vitanzi wanapaswa kugeuza pia mabano, nao huharibu programu iliyokuwa nzima. Mpangilio wa vitanzi husema kidole kinakwenda upande gani. Mpangilio wa mabano husema daftari lilichorwaje, na daftari halikuchorwa upya. Ndiyo maana napendelea kuzipa herufi hizi kazi ya kudumu: katika programu zangu zote za ghala *i* ni zao na *j* ni siku, hata kitanzi kikiwa nje au ndani. Kama herufi zinakuchanganya, andika *zao* na *leo*. Hakuna sheria inayodai herufi moja.

Majibu ni 73 kwa Jumatatu, 68 kwa Jumanne, 0 kwa Jumatano, 88 kwa Alhamisi, 83 kwa Ijumaa na 110 kwa Jumamosi. Jumlisha hizo zote, utapata 422. Jumlisha jumla za mazao, yaani 238, 87, 35 na 62, utapata pia 422. Watunza hesabu wamekuwa wakilinganisha jumla za mlalo na za wima tangu zamani kabla ya kompyuta, nami nashauri kila programu inayosoma jedwali ifanye ulinganisho huo na kupiga kelele pale namba mbili zinapotofautiana. Mistari michache ya ziada inatosha.

Python ina njia fupi ya kujumlisha safu mlalo, nayo ni nzuri:

```
for zao, safu in zip(mazao, magunia):
    print(zao, sum(safu))
```

Hapa hatutumii namba za nafasi kabisa. *Zip* huunganisha kila jina na safu yake, na *sum* ndicho kitanzi cha ndani kilichofichwa. Itumie kazini, lakini usianzie hapo. Asiyewahi kuandika kitanzi kirefu kwa mkono hatajua la kufanya siku atakapohitaji kuruka siku za sifuri au kusimama katikati.

Daftari moja lenye lebo nne

Mara nyingi tunataka jedwali tupu kwanza, ndipo tulijaze taarifa zinapofika. Wengi huandika hivi:

```
jedwali = [[0] * 6] * 4
jedwali[0][0] = 42
```

Kisha wanachapisha jedwali na kukuta 42 imeingia katika safu mlalo zote nne. Hii si hitilafu ya Python. Alama ya kuzidisha haikutengeneza orodha nne. Ilichukua orodha ile ile moja na kuitaja mara nne, kama mtu aliyebandika lebo nne kwenye daftari moja. Ukiandika kwenye daftari la mahindi umeandika pia kwenye la mtama, kwa kuwa ni lilelile. Kuzidisha kwa ndani, *[0] * 6*, hakuna madhara, kwa sababu namba haiwezi kubadilishwa ndani kwa ndani. Tunaiondoa na kuweka nyingine mahali pake. Njia salama ni kuiambia Python itengeneze orodha mpya kwa kila zao:

```
jedwali = [[0] * 6 for _ in range(4)]
```

Nimeona programu ikitumika kwa majuma kadhaa ikiwa na kosa hili, kwa sababu aliyeiandika alikuwa akiijaribu kwa zao moja tu. Jaribu jedwali lako kwa kujaza visanduku viwili vya safu tofauti, kisha ulichapishe lote.

Safu zisizo na urefu sawa

Magunia yetu yana siku sita kwa kila zao, lakini vipimo halisi haviko hivyo. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi 13.5%, na tangu Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa muda uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, hakuna mfanyabiashara wa Busia anayehitaji kuelezwa kwa nini mahindi yasiyokauka vizuri ni hatari. Siku moja hupimwa sampuli nne, nyingine mbili, nyingine hakuna:

```
unyevu = [
    [12.8, 13.1, 13.4],
    [13.0, 14.2, 12.9, 13.3],
    [],
    [13.6, 13.1],
    [12.7, 13.2, 13.0],
    [13.4, 13.9],
]

for j in range(len(siku)):
    for kipimo in unyevu[j]:
        if kipimo > 13.5:
            print(siku[j], kipimo)
            break
```

Kitanzi cha ndani hakina tena urefu wa kudumu. Kinatembea kwa urefu wa safu yenyewe. Jumatano, ambayo haina kipimo, kitanzi cha ndani hakizunguki hata mara moja, na programu inaendelea bila tatizo. Kama tungeandika *range(4)* kwa kudhani kila siku ina sampuli nne, programu ingekwama Jumatatu.

Neno *break* huvunja kitanzi kimoja tu, kile kilicho karibu nalo. Kwa hiyo programu hii inataja Jumanne 14.2, Alhamisi 13.6 na Jumamosi 13.9: kwa kila siku, kipimo cha kwanza kilichozidi. Kama hicho ndicho ulichotaka, vema. Kama ulitaka kusimama kabisa kwenye kipimo cha kwanza kibaya cha wiki, *break* moja haitoshi. Katika lugha nyingine kama PHP na Bash unaweza kuandika *break 2* ukavunja vitanzi viwili kwa mpigo. Python haina kitu hicho, na mwaka 2007 Guido van Rossum alikataa pendekezo la kuongeza *break* yenye kutaja jina la kitanzi. Njia ya Python ni kuvitia vitanzi vyote viwili ndani ya funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake, na kutoka kwa *return*, amri inayoifunga funksheni papo hapo na kurudisha jibu:

```
def kibaya_cha_kwanza(unyevu, kikomo):
    for j in range(len(unyevu)):
        for kipimo in unyevu[j]:
            if kipimo > kikomo:
                return siku[j], kipimo
    return None
```

Hapa tena mahali pa mstari ndipo penye uzito wote. *return None*, yaani "hakuna kibaya", lazima ikae nje ya vitanzi vyote viwili. Ikisogea hatua moja kulia, ikawa sambamba na *for* ya ndani, funksheni itatoa jibu mara tu baada ya kumaliza Jumatatu, na kwa kuwa Jumatatu ilikuwa safi, itasema wiki nzima ni safi. Nafasi nne tupu zinatosha kulipitisha gunia lenye unyevu wa 14.2% hadi kwenye lori.

Vitanzi vinapokuwa vizito

Visanduku 24 si kazi kwa kompyuta yoyote. Uzito huanza pale orodha inapolinganishwa na yenyewe, kwa mfano tunapotafuta namba za usajili wa wakulima zilizoandikwa mara mbili:

```
for i in range(len(namba)):
    for j in range(i + 1, len(namba)):
        if namba[i] == namba[j]:
            print(namba[i])
```

Kitanzi cha ndani kinaanzia *i + 1* ili namba isijilinganishe na yenyewe, wala jozi moja isitazamwe mara mbili. Hata hivyo, kwa wakulima 200 tunafanya ulinganisho 19,900. Kwa 2,000 tunafanya 1,999,000. Kwa 20,000 tunafanya 199,990,000. Orodha ikikua mara kumi, kazi hukua takriban mara mia. Kununua kompyuta yenye kasi zaidi si dawa hapa. Dawa ni kukiondoa kitanzi cha ndani, na kutumia seti, ambayo hujibu swali "umewahi kuiona namba hii?" bila kupitia namba zote:

```
zilizoonekana = set()
for n in namba:
    if n in zilizoonekana:
        print(n)
    zilizoonekana.add(n)
```

Kwa wakulima 20,000 sasa tunapita orodha mara moja tu, hatua 20,000. Kuna tofauti moja ya majibu unayopaswa kuijua kabla ya kubadilisha programu inayotumika: namba iliyoandikwa mara tatu huchapishwa mara tatu na vitanzi viwili, kwa sababu ina jozi tatu, lakini huchapishwa mara mbili na njia ya seti, kwa sababu ni mara ya pili na ya tatu tu ndipo inapokuwa imeshaonekana.